Waliionya Ndege

Barua ya kumfukuza Ofwono kazi ilisomwa kwanza na mkewe, kama zilivyosomwa barua zote zilizowahi kuingia katika nyumba ile. Tarishi wa kampuni ya umeme aliifikisha Nagongera saa nne asubuhi kwa pikipiki, akamkuta Athieno anaanika wimbi uani, akamtaka atie sahihi kwenye daftari la kupokelea. Athieno alijifuta mikono kwenye leso, akatia sahihi, akaipasua bahasha palepale alipochuchumaa. Alipomaliza kusoma alianza tena kutoka juu, maana Kiingereza cha ofisi humfanya mtu adhani ameelewa vibaya.

"Wanasemaje?" Ofwono aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Buti zake za kazi zilikuwa kando yake, zimeoshwa, ingawa ilikuwa siku ya tisa hajaitwa kazini.

"Wanasema huna kazi."

"Soma yote, Mama Phiona. Usinichagulie."

Akasoma, akimfasiria sentensi kwa sentensi katika Kidhopadhola. Kwamba tarehe kumi na nne Mei mkazi mmoja wa kata ya Masaba, jina lake Nerima, aliungua vibaya baada ya bati alilobeba kichwani kugusa waya wa umeme uliokuwa umeshuka karibu na nguzo namba 147. Kwamba nguzo hiyo imeonekana kuoza siku nyingi. Kwamba kazi ya Ofwono, akiwa mkaguzi wa laini kwa miguu kutoka Tororo hadi mpakani Busia, ilikuwa kuiona nguzo hiyo na kuitolea taarifa. Alipofikia aya ya mwisho Athieno alisimama wima bila kujua kwamba amesimama.

"Kampuni haikupata kupokea taarifa yoyote, ya maandishi wala ya mdomo, kuhusu nguzo namba 147."

Kuku walikuwa wameshaingia kwenye wimbi. Hakuna aliyewafukuza.

"Tuliandika mara ngapi?" Ofwono aliuliza.

"Mara kumi na moja."

"Kumi na moja," alisema Ofwono, akaziangalia buti zake.

Ofwono alikuwa ameishia darasa la nne. Nambari alizijua vizuri, herufi zilimshinda. Kwa miaka kumi na tisa alitembea chini ya zile nyaya siku tano za wiki, akiweka kila kitu kichwani: nguzo iliyoliwa na mchwa, kikombe cha kushikia waya kilichopasuka, mkaratusi uliokaribia waya. Ijumaa jioni alimwambia mkewe, na Athieno, aliyefika kidato cha pili, akaandika yote kwa Kiingereza katika kitabu chenye karatasi za kaboni. Nakala ya juu ilikwenda ofisini Jumatatu, ya chini ilibaki kwao. Chini ya ukurasa Ofwono alichora jina lake polepole. Athieno hakuwahi kuiona nguzo 147 kwa macho yake, lakini aliijua kuliko alivyolijua jiko la jirani yake. Alijua ilianza kuoza upande gani, mwezi gani ilianza kuinama, na waya wake ulishuka kiasi gani kila msimu wa mvua.

"Nakala zetu tungekuwa nazo," alisema, "ningezimwaga juu ya meza yao moja moja."

Hawakuwa nazo. Zilichukuliwa Februari, zote kumi na moja.

*

Aliyezichukua ni binti mmoja, Joanita, injinia wa kandarasi. Kampuni ilikuwa inajiandaa kukagua laini kwa droni, na hizi hazikuwa zile ndogo za kupigia picha za harusi. Hii ilikuwa ndege yenye mabawa mapana, ya kuruka kutoka uwanja wa Mukuju hadi mpakani na kurudi, kilomita arobaini kwenda tu, anayeiongoza akiwa ameketi hemani asiione kabisa. Mamlaka ya anga haitoi kibali cha kuruka mbali hivyo mpaka kampuni ionyeshe kwamba inajua kilichoko njiani: kila nguzo iko wapi, kila waya una kimo gani, wapi pana shule, wapi pana soko, wapi pana mnara wa simu. Ofisini hapakuwa na aliyejua. Ramani zao zilionyesha nguzo zilizoanguka zamani na kuacha zile zilizosimamishwa badala yake. Aliyejua ni Ofwono, na alichojua kilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Joanita alikaa kwao siku tatu. Alikula ugali wa wimbi na mboga za boo, majani ya kunde, akasifu, akaongezwa. Athieno alisoma, yeye akapiga chapa kwenye kompyuta, nguzo baada ya nguzo, huku Ofwono akisahihisha: hapana, hiyo iko upande wa pili wa kijito. Siku ya mwisho binti alivifunga vitabu vyote ishirini na sita kwenye boksi. "Mama, bila nyinyi hii ndege ni kipofu," alisema. Aliahidi vitabu vitarudi.

Ofwono alifurahi siku ile. Alidhani kampuni hatimaye imekumbuka kwamba yupo.

*

Athieno alikwenda Tororo peke yake. Ofwono alitaka kwenda, akamkataza. "Wewe ukikasirika unanyamaza," alimwambia. "Leo sitaki mtu wa kunyamaza."

Askari wa getini hakumwangalia usoni. "Mama, bili zinalipwa kwa simu siku hizi."

"Sijaja kulipa bili. Nataka kumwona meneja."

"Una miadi?"

"Nina barua yake."

Askari aliisoma barua yote, taratibu, midomo ikicheza, mambo ya nyumba ya mtu yakisomwa getini mbele ya kila anayepita, kisha akamrudishia. "Hii ni ya kufukuzwa. Haikuiti uje."

Alimruhusu baada ya nusu saa, pengine kwa kuchoka kumwona. Ndani aliambiwa akae kwenye benchi. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya ile droni ikiruka juu ya mashamba, na chini yake maneno: MACHO YETU MAPYA. Alikaa chini ya picha hiyo kuanzia saa tatu hadi saa nane. Meneja, Injinia Arnold, alipita mbele yake mara tatu, mara ya pili akila samosa. Mara ya nne Athieno aliinuka, akamzibia njia.

"Mimi ni mke wa Ofwono."

"Ah. Pole sana na matatizo." Hakumkaribisha ofisini. Alisimama naye palepale, mbele ya watu waliokuwa wanasubiri kulalamikia mita zao.

"Vitabu vya mume wangu viko kwenu. Injinia Joanita alivichukua."

"Huyo ni wa kandarasi. Mimi sijapokea vitabu."

"Na nakala za juu? Zililetwa hapa kila Jumatatu."

"Nani alizipokea? Una sahihi yake?"

"Mlikuwa hamtii sahihi. Mlikuwa mnasema weka hapo mezani."

Arnold aliangalia saa yake. "Mama, mimi nafanya kazi na ushahidi. Mtu akisema aliandika, nasema sawa, kiko wapi?"

"Niliandika mimi. Kwa mkono huu. Naweza kukuambia kila neno."

Hapo meneja alimwangalia kwa mara ya kwanza. Kisha akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo Athieno alilorudi nalo nyumbani.

"Uliandika wewe," alisema, akipandisha sauti kidogo ili na wengine wasikie. "Wewe ambaye hujaajiriwa hapa. Halafu yeye anatia sahihi kana kwamba ameandika yeye. Miaka kumi na tisa. Unajua polisi wanaliitaje jambo hilo?" Mtu mmoja kwenye benchi alicheka. "Nenda nyumbani, mama. Mume wako ana kosa moja. Usimletee la pili."

Athieno alijikuta nje, kwenye jua, hajui ametoka vipi. Alikuwa ameifanyia kazi kampuni ile Ijumaa zaidi ya mia tisa bila kulipwa hata bei ya kalamu, na leo kazi hiyo imekuwa kosa la jinai. Mwendesha boda boda alimuuliza kama anarudi Nagongera. "Nipeleke Mukuju," alisema.

*

Uwanja wa Mukuju ulikuwa umezungushiwa utepe. Katikati palikuwa na hema, jenereta na ile ndege yenyewe, nyeupe, imelala juu ya meza ndefu, mafundi wawili wakikaza skrubu za mabawa yake kwa uangalifu wa watu wanaomvalisha bibi harusi. Joanita alitoka hemani amevaa kizibao cha kung'aa. Alipomtambua mgeni wake alipiga goti kwenye nyasi na kumsalimia kama alivyofanya nyumbani kwake, na Athieno, aliyekuja amejiandaa kumtukana, akalazimika kumwinua kwanza.

"Vitabu viko wapi, mwanangu?"

"Niliviacha ofisini Tororo. Niliwakabidhi."

"Meneja anasema hajavipokea. Anasema hakuna taarifa. Ofwono amefukuzwa."

Binti aligeuka kulitazama hema, kisha akashusha sauti. "Mama, mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Nikionekana naongea mambo ya kampuni sitapata mwingine. Nina wadogo zangu ninaowasomesha."

"Sijakuomba uongee. Nionyeshe tu ulichoandika pale mezani kwangu. Ni maneno yangu. Nataka kuyaona."

Joanita alisita, kisha akaleta kompyuta ndogo ya mkononi. Kwenye kioo palikuwa na ramani, na juu ya ramani mstari wa kijani uliofuata nguzo kutoka Tororo kwenda Busia: ndiyo njia ya ndege. Chini yake kulikuwa na mchoro wa kimo, mstari ulionyooka karibu wote. Athieno alifuata kwa kidole. Mahali pamoja mstari uliinuka ghafla, ukashuka tena upande wa pili.

"Hapa mbona inapanda?"

"Pale waya umeshuka, na nguzo imelalia upande inakopita ndege. Nguzo ikikatika wakati ndege inapita kando yake, itaipiga. Kwa hiyo tuliipandisha mita ishirini kwa usalama." Alisema hivyo kwa wepesi wa mtu anayeipenda kazi yake.

"Pale ni nguzo gani?"

Kidole cha Joanita kilisimama hewani. Athieno alimwona anaelewa, alimwona kabisa, uso unavyomshuka. Binti aligusa kioo, kisanduku kikafunguka. Nguzo 147. Chini ya nambari yalikuwa maneno ya Athieno mwenyewe, yote, hata moja aliloliendeleza vibaya likiwa limenakiliwa na kosa lake.

"Nani amekubali njia hii?"

"Ilikwenda na ombi la kibali. Meneja alitia sahihi kila ukurasa."

"Lini?"

"Machi."

Nerima aliungua Mei. Jenereta iliendelea kunguruma, na fundi mmoja akaita kwamba betri ziko tayari.

*

Mkutano uliitishwa Masaba, kwenye ukumbi wa kata, kwa sababu watu wa huko walikuwa wametishia kuzichoma nguzo zote. Mwenyekiti wa kata, mama mmoja wa makamo aitwaye Nasirumbi, alikaa mbele. Watu walijaa mpaka madirishani. Injinia Arnold alikuja na projekta, na Joanita akaja kuiendesha. Shuka nyeupe ilitundikwa ukutani. Picha ya nguzo 147 ilipotokea, kubwa kuliko mlango, iliyopigwa wiki ile kutoka angani katika safari fupi ya majaribio, shina lake jeusi limemung'unyuka kama muwa uliotafunwa, ukumbi mzima uliguna.

"Ndugu zangu, hii ndiyo faida ya teknolojia," Arnold alisema. "Binadamu alipita hapa miaka mingi. Hakuona, au aliona akanyamaza. Droni imepita mara moja tu, imeona. Yule mfanyakazi mzembe tumeshamwondoa. Kuanzia sasa mtakuwa salama."

Watu waligeuka kumtafuta yule mzembe. Ofwono alikuwa amesimama nyuma, kofia mkononi. Maloba, mume wa Nerima, fundi baiskeli mwenye kifua kipana, alipasua katikati ya watu mpaka akamfikia, akafoka kwa Kiswahili cha sokoni, lugha pekee waliyoelewana kwayo.

"Wewe! Kila mwezi wewe napita kwa boma yangu! Mke yangu nakupa maji ya kunywa! Wewe naangalia hii nguzo, unanyamaza tu? Mkono ya mke yangu wamekata! Wamekata, unasikia?"

Ofwono alizidi kuikunja kofia yake, na kwa wengi kule kunyamaza kulitosha kuwa ungamo. Mtu alimsukuma mgongoni. Mwingine akamtemea mate kwenye kiatu.

"Muache kwanza!" Athieno alikuwa ameshapanda juu ya benchi. "Mwenyekiti, naomba kusema!"

"Wewe ni nani?" Nasirumbi aliuliza.

"Mimi ni bibi ya huyu munamusukuma. Yeye natembea, mimi naandika."

"Mwenyekiti," Arnold aliingilia, "huyu mama si mfanyakazi wetu. Hana nafasi katika mkutano huu."

"Hapa ni Masaba," Nasirumbi alisema bila kumwangalia. "Sema, mama."

Athieno alikuwa amepanga kuanza kwa upole. Upole haukuja. Alianza kuzitaja zile taarifa kama zilivyoandikwa, tarehe na maneno, moja baada ya nyingine. Tarehe tatu Februari mwaka juzi, mchwa wameingia chini ya nguzo 147. Mwezi wa Aprili, nguzo imeanza kuinama. Mwezi wa Agosti, waya umeshuka, watu wanalima chini yake, tuma mafundi haraka. Novemba, mafundi hawajaja. Alipofika ya saba ukumbi ulikuwa umetulia kiasi kwamba mlio wa feni ya projekta ulisikika. Alipofika ya kumi na moja Arnold alisema, "Mtu yeyote anaweza kukariri tarehe."

"Ndiyo," alisema Athieno. "Kwa hiyo sitakuuliza wewe." Akamgeukia Joanita. "Mwanangu, simama. Hii ndege yenu, kama nafika kwa nguzo 147, nafanya nini?"

"Usijibu," Arnold alisema.

Alilisema kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake. Neno lile lilizunguka ukumbi mzima. Nasirumbi aliweka kalamu chini.

"Jibu, binti," alisema.

Joanita alisimama. "Inapanda juu. Mita ishirini."

"Kwa nini?" Athieno aliuliza.

"Kwa sababu nguzo imeoza na waya umeshuka."

"Kampuni ilijua lini?"

Binti alimtazama meneja wake, kisha akaangalia sakafu. "Kwenye karatasi za kibali, Machi. Kwenye vitabu vyenu, zaidi ya miaka miwili."

Athieno hakushuka kwenye benchi. Alimnyoshea Arnold kidole, jambo ambalo mwanamke wa umri wake hakufundishwa kulifanya mbele za watu.

"Munasikia? Machi walikaa kwa meza, wakasema pale iko hatari. Wakachukua kalamu. Wakaambia ndege, pita juu. Ndege! Kitu haina damu, haina watoto! Yeye walimuonya. Nerima iko hapo chini na jembe yake kila siku, na hakuna mutu alitumwa hata kusema, mama, toka hapo. Na leo huyu nakuja hapa na shuka nyeupe kutuambia mwenye kosa ni mume yangu!"

Maloba alimwacha Ofwono. Alitembea kwenda mbele, hakukimbia, na watu wakampisha. Hakumgusa meneja. Aliishika ile shuka kwa mikono miwili na kuirarua kutoka juu hadi chini, picha ya nguzo ikabaki inatetemeka kwenye ukuta wa matofali. Arnold alizichomoa nyaya za projekta mwenyewe, akizikunja ovyo mikononi, akatoka kwa mlango wa nyuma. Gari lake lilisindikizwa kwa mawe mpaka barabarani.

*

Wanaodhani kelele ya siku moja hurekebisha mambo hawajaishi na kampuni ya umeme. Wiki iliyofuata ilikuja barua nyingine. Neno "uzembe" lilikuwa limeondolewa. Badala yake iliandikwa kwamba kutokana na mpango mpya wa ukaguzi, nafasi za wakaguzi wa miguu zimefutwa na Ofwono anastaafishwa kwa manufaa ya kazi. Hakukuwa na neno la samahani. Joanita hakuongezewa mkataba. Arnold alihamishiwa tawi jingine, akiwa na cheo kilekile. Kibali kilipatikana, na watu wa Masaba wakaanza kuiona droni ikipita asubuhi, mara mbili kwa wiki. Familia ya Nerima ilipata wakili aliyesema kesi itakuwa ndefu.

Siku Athieno alipokwenda kumwona Nerima hospitalini, alikwenda kifua mbele, hilo asingelikana. Alikuwa amemtetea. Alibeba uji kwenye chupa ya chai na ndizi mbivu, Ofwono akimfuata nyuma.

Nerima alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania, hajafika miaka thelathini. Mkono wa kulia uliishia juu ya kiwiko, umefungwa bandeji. Maloba alikuwa ameketi kando ya kitanda akimlisha. Walisalimiana. Uji ulimiminwa. Kwa muda waliongea habari za mvua.

"Wewe ndiye naandika?" Nerima aliuliza hatimaye.

"Ndiyo, mwanangu. Mimi."

"Mara kumi na moja, Maloba nasema."

"Kumi na moja."

"Uliandikia kampuni."

"Ndiyo."

Nerima alihema kwa maumivu. Aliposema tena hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Athieno zaidi. "Mimi hukuniambia. Bwana yako alikuwa napita, mimi nampa maji. Yeye naangalia juu, natingisha kichwa, nakwenda. Mimi nafikiri yeye nachoka tu na jua." Akageuza uso upande wa ukuta. "Mungeniambia hata mara moja. Kampuni ingekataa. Mimi singekataa."

Athieno alikuwa na ya kujibu, mengi, na yote yalikuwa ya kweli. Alifunika chupa ya uji, akaaga.

Nje, kwenye ngazi za wodi, alimgeukia mumewe. "Kwa nini hukumwambia?"

"Walitukataza," alisema Ofwono. "Siku ya kwanza kabisa ya kazi. Msiwatishe watu. Ukiona jambo, leta ofisini. Ofisi ndiyo inajua la kufanya." Alikaa kwenye ngazi na kufunika uso kwa viganja. "Kila nikinywa yale maji nilikuwa nataka kusema. Nikasema, tumeshaandika. Watakuja tu."

Athieno alisimama juu yake. Alitaka kumpiga, na alitaka mtu ampige yeye pia, kwa sababu kila Ijumaa alikuwa anaifunga kalamu yake na kwenda kupika akiamini kazi imekwisha. Ile hasira aliyokuwa anambebea Arnold ilikuwa bado ipo, nzima, haikupungua hata chembe. Sasa ilikuwa imeongezewa nyingine.

"Ziko nguzo ngapi mbaya?" aliuliza.

"Mbaya sana? Thelathini na nne."

"Zenye nyumba karibu?"

Ofwono alihesabu, macho yamefungwa, akiitembea laini yote kichwani mwake. "Kumi na tisa."

"Kesho tunaanza."

*

Walianzia upande wa Masaba, kwa miguu. Athieno hakuwa amezoea. Jioni ya siku ya kwanza visigino vilikuwa vimechubuka, na akaelewa kwa nini buti za mumewe zilikwisha upande mmoja. Kila boma waliingia, wakasalimia, wakaeleza. Wengine waliwashukuru. Wengine waliuliza wanauza nini. Mzee mmoja aliwaambia laini imekuwepo tangu ujana wake na haijamla mtu. Athieno alimtajia jina la Nerima, na mzee akaita wajukuu zake watoke kule walikokuwa wanacheza.

Siku ya nne gari jeupe la kampuni liliwakuta barabarani. Kijana aliyekuwa na dereva alishusha kioo.

"Nyinyi ndio mnaozunguka mkiwatia watu hofu? Kuna malalamiko. Hamna kibali cha kukagua mali ya kampuni."

"Hatukagui," Athieno alisema. "Tunasalimia watu."

"Mama, nitaandika taarifa hii."

"Andika. Mtaipokea ofisini?"

Dereva alicheka kabla hajajizuia. Gari likaondoka na kuwaachia vumbi, nao wakakata kushoto, wakafuata njia ya mihogo mpaka kwenye boma lililokuwa mbele yao.

Mwanamke aliyewapokea aliitwa Kevina. Alikuwa na mtoto mgongoni, na alikuwa anaanika nguo kwenye waya wa chuma uliofungwa upande mmoja kwenye mti wa jambula, mzambarau wa huko, na upande wa pili kwenye nguzo ya umeme, nguzo 163, ambayo Ofwono alikuwa ameiripoti mara saba. Athieno alikuwa ameandika kuhusu waya huo wa nguo pia, na siku ile hakumfikiria mwenye nguo. Sasa aliziona: shuka mbili, sare ya shule, vitambaa vya mtoto mchanga.

"Dada," alisema, "hatutoki kampuni. Hii nguzo imeoza. Kama naanguka, ama kama waya ya juu nagusa, moto nakuja mpaka kwa nguo yako."

Kevina aliitazama nguzo, kisha akawatazama wao, na hofu ikaanza kumwingia. "Kampuni mumewaambia?"

"Mara saba."

"Wakasema nini?"

"Hiyo nitakuambia. Tufungue waya kwanza."

Ofwono alipima kwa macho umbali wa waya wa nguo kutoka kwenye nyaya za juu, akaridhika kwamba haujagusana nazo, akawaonyesha miti miwili ya kuufungia upya nyuma ya jiko, mbali na laini. Kevina alivua nguo moja moja, bado zina maji, akamrundikia Athieno mikononi mpaka kifua chake chote kikalowa. Fundo la waya kwenye nguzo lilikuwa limeshika kutu. Ofwono alikata fito kavu ndefu, akapiga magoti mbali na nguzo, akaanza kulisukuma lile fundo bila kuligusa kwa mkono, taratibu, mpaka likaachia.